Kilima cha Nyuma ya Matangi

2 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kifua kimepoa, maana wifi aliniambia kikohozi kimekung'ang'ania tangu tulipotoka kuzika. Mimi sijambo. Nimerudi kazini. Pale kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali siku hizi wananipa mashuka mepesi, eti nisichoke, na kila nikiingia wanashusha sauti kama redio iliyoishiwa betri. Wana nia njema, lakini kuhurumiwa nako kunachosha, Mama.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hili litanishinda. Nimeanza kukimbia. Ndiyo, mimi, yule uliyekuwa ukimcheka kwa kuhema akipandisha ndoo ya maji ngazi. Nakimbia na wenzake marehemu mume wangu, kile kikundi chake cha asubuhi: yule kinyozi anayewaongoza, mwalimu wa hesabu, na dada wa duka la dawa. Jumanne wanakwenda kwenye kilima cha nyuma ya matangi ya maji. Unapanda mbio kutoka getini mpaka nguzo ya umeme ya juu, unashuka kwa kutembea huku unavuta pumzi, halafu unapanda tena. Na tena, mpaka kinyozi aseme basi. Anasema miguu ikizoea mlima, barabara ya tambarare inakuwa mteremko.

Siku ya kwanza nilitapika kwenye nyasi. Kinyozi akaniambia, "Shemeji, unakimbia kama mtu aliyesahau sufuria motoni! Hatua fupi, macho mbele." Nikacheka, Mama. Sauti ya kicheko changu ikanishtua mwenyewe.

Mwezi wa sita kuna yale mashindano ya mbio ndefu aliyokuwa akijiandaa nayo. Nataka nikimbie mimi. Nimeona ulisikie kutoka kwangu, siyo kwa watu.

Mkweo.

11 Februari

Kwako mkwe,

Marahaba. Mimi mzima.

Barua yako niliisoma nikadhani macho yamenidanganya. Nikavaa miwani, nikairudia. Kilima hicho ndicho kilichomlaza mwanangu. Alitoka asubuhi kwa miguu yake, mchana nikapigiwa simu. Na wewe unaniandikia kwamba umecheka papo hapo?

Nina sare za shule za watu zimejaa mezani na siwezi hata kupitisha uzi kwenye sindano ya cherehani. Watu wazima na akili zenu mnapanda, mnashuka, mnapanda, kama mliodondosha kitu. Hakuna aliyewatuma. Nimezika mmoja, sina nguvu ya kuzika wawili.

Acha. Ukishaacha, niandikie. Usipoacha, usijisumbue kuniandikia.

Mama wa marehemu.

20 Februari

Mama,

Shikamoo. Najua ulivyosema, na bado naandika. Unisamehe kwa hilo.

Kabla ya yote ujue nilimwona daktari pale kazini. Alinipima moyo, akanipima na presha, akasema niko salama. Sikwenda kichwakichwa.

Lakini siwezi kuacha. Nyumbani bado kuna friji ya jirani ambayo marehemu aliifungua kuitengeneza, vyuma vyake viko sakafuni, na jirani anaona haya kuja kuiulizia. Nikiamka naiona. Nikirudi kazini naiona. Nikiwa napanda kile kilima, pumzi inabana kiasi kwamba hakuna nafasi ya kufikiri. Kwa muda ule mfupi mimi si mjane, ni mtu anayetafuta hewa tu. Nikifika juu huzuni inanikuta imeshatangulia, imekaa inanisubiri, lakini angalau nimepumzika nayo njiani.

Sikimbii kwa sababu nimesahau. Naomba uniamini hapo tu.

Mkweo.

15 Machi

Shikamoo Mama,

Hujambo? Sijapata neno lako na sikulaumu. Wifi ananiambia ulitoka nyumbani ukalala huko ulikokwenda, na hukumuaga mtu. Ana wasiwasi, nami pia. Kama ni hospitali, tuambie.

Mimi naendelea. Kinyozi anasema sasa nakimbia kama mtu aliyesahau sufuria lakini jirani yuko nyumbani wa kuiepua.

Mkweo.

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sikwenda hospitali. Nilikuja huko.

Nilishuka kwenye basi jioni, nikalala kwa yule binamu yangu, na asubuhi nikamwomba anielekeze kwenye matangi. Ilikuwa Jumanne. Nilikaa pale getini kwa mama muuza chai, nikajitanda mtandio mpaka machoni kama mwizi. Nilikuwa nimejipanga kukushika mkono mbele ya wote nikuvute mpaka nyumbani.

Nikakuona. Umevaa fulana yake ya bluu. Imekupwaya mabegani; kidogo niinuke niipunguze kwa pini. Ulipanda, ukainama pale juu umeshika magoti, nikasimama, chai ikamwagika. Ukashuka. Ulipita karibu yangu hivi, jasho limekuziba macho, midomo imekauka, na nilichokiona usoni kwako si mchezo. Nilidhani mnakwenda huko kufurahi. Nikaona mtu aliyefiwa anafanya kazi.

Nilitaka nipande na mimi. Nikaitazama ile nguzo, nikajua ndipo alipoangukia, miguu ikakataa. Nikarudi stendi.

Sasa nina jambo nataka kwako. Kila mtu aliniambia, "Mama, hakuteseka." Walijuaje? Mchungaji hakuwepo, shemeji zako hawakuwepo. Nimewaitikia tu. Wewe ndiye unayekaa na watu walioona. Niambie mwanangu alikufaje. Usinipunguzie.

Mama.

5 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Laiti ungeniita pale getini.

Nimewauliza tena wote watatu ili nisikuandikie la kusikia juu juu.

Asubuhi ile alikuwa amechangamka. Walipanda, wakashuka, akawa anamtania mwalimu kwamba anahema nusu na robo kama hesabu zake. Kwenye mpando wa mwisho alikuwa mbele. Alipokaribia nguzo akapunguza mwendo, akaanza kutembea, akashika kifua. Kinyozi akamfikia, akamuuliza kama amevuta msuli. Akasema, "Ngojeni kidogo." Akakaa kwenye nyasi, kisha akalala ubavu. Uso ulikuwa umekunjamana, Mama. Aliumia. Kwa muda mfupi, lakini aliumia. Kinyozi alimpakata kichwa, na dada wa duka la dawa akamkandamiza kifua bila kukoma mpaka gari la wagonjwa likaja. Lilichelewa kwa sababu ya foleni. Dada huyo mikono ilimvimba, akashindwa kufungua duka kesho yake.

Hakuniita mimi, wala hakukuita wewe. "Ngojeni kidogo" ndilo neno lake la mwisho. Ningeweza kukutungia lililo zuri zaidi, lakini umeniambia nisikupunguzie.

Na kuna langu, ambalo sijamwambia mtu. Waliponiita nilikuwa nakunja mashuka. Nilipita korido ileile ninayosukumia toroli la nguo. Alikuwa amefunikwa shuka, na nikaona mkunjo wake ni wangu, kwa sababu pale ni mimi peke yangu ninayekunja kingo ndani. Tangu siku ile kila shuka ninalolikunja najiuliza linakwenda kwa nani. Bado nayakunja vilevile.

Mkweo.

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Kimya changu kisikutie hofu. Barua yako niliisomea jikoni, nikakaa chini sakafuni, na wifi yako aliponikuta akakaa na yeye. Nililia mpaka kikohozi kikarudi. Lakini usiku wa kuamkia leo nimelala, na tangu msiba sikuwa nimelala.

Mwambie kinyozi nimemshukuru kwa kumpakata mwanangu kichwa. Mwambie na dada wa duka la dawa anipe vipimo vyake nimshonee gauni. Siyo malipo, nataka tu mikono yangu imfanyie kitu.

Sikukatazi tena. Ila usitegemee nikuombee ushinde. Nakuombea urudi.

Mama.

18 Juni

Mama,

Shikamoo. Wifi alishakupigia kwamba nimemaliza salama, kwa hiyo hilo unalijua. La pili hajui.

Nilikimbia vizuri. Kulikuwa na mlima mrefu karibu na mwisho, wenzangu wengi wakawa wanatembea, mimi nikaupanda hatua fupi, macho mbele, kama nilivyofundishwa. Nikavuka mstari. Wakanivisha medali. Nikageuka haraka, nimejaa maneno, namtafuta wa kumwambia. Mama, nilimtafuta kweli. Niliangaza macho kwenye ule umati mpaka nikakumbuka.

Kumbe miezi yote hii nilikuwa nadhani yuko mwisho wa mbio. Sikujiambia hivyo, lakini miguu ilikuwa inajua inakokwenda. Nimefika na hakuna mtu.

Tangu siku ile sijakimbia. Jumanne imepita nikaisikia ikipita, nimelala nimegeukia ukutani. Kazini nimeomba ruhusa. Kinyozi alikuja kubisha hodi, nikanyamaza mpaka akaondoka. Naona haya kukuandikia haya baada ya ubishi wote ule. Ulisema niache, sasa nimeacha, na sijapona.

Mkweo.

22 Juni

Binti yangu,

Marahaba, na pole. Pole mno.

Barua imenifikia leo asubuhi na leo hii najibu. Sare zitangoja, watoto wa watu hawatakwenda shule uchi.

Kwanza, toka hapo kitandani ukaoge. Fungua dirisha. Kinyozi akija, mfungulie. Huyo naye alifiwa mikononi mwake, na sijui kama kuna aliyempa pole. Halafu mwite jirani achukue friji yake. Ikiwa nzima au mbovu, achukue.

Pili, niliposema uache nilikuwa nakupigania kama mtu anayevuta nguo kutoka kwenye moto. Sikutaka ubaki hivi. Ukiwa tayari kukimbia tena, kimbia. Usipotaka tena maisha yako yote, sawa. Na likija jambo jingine, akija mtu mwema akabisha hodi kwako, usiniogope mimi. Nitalia, halafu nitamshonea shati.

Tatu, Jumatatu napanda basi. Safari hii sijifichi. Jumanne asubuhi wewe na mimi tutakwenda kule nyuma ya matangi. Hatutakimbia. Goti langu la kushoto halinisikilizi, kwa hiyo tutapanda polepole, na nikichoka tutakaa popote, watu watuzunguke wapite. Nataka unishike mkono unifikishe pale kwenye nyasi, uniambie ni hapa. Peke yangu nilishindwa, na wewe umekuwa ukipapita peke yako mwaka huu wote.

Tukishuka, tutashuka pamoja.

Mama yako.