Injini Kwenye Ndoo

Caney Gap, North Carolina
28 Aprili 1991

Mwanangu mpenzi Renda,

Salaam nyingi. Natumaini wewe na mumeo hamjambo huko Danville na baridi imeshawaacha. Mimi mzima, ila goti. Mama yako anakusalimu. Anasema ukisikia sauti yangu kwenye simu unakata, ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi ambaye hata kadi za Krismasi humwachia yeye.

Kuhusu mashindano ya magari ya Jumamosi ile. Ulinipita kwa ndani kwenye kona ya tatu, safi kabisa, bampa yako haikunigusa hata rangi. Ningeshuka garini nikakukumbatia, ingekuwa siku bora ya maisha yangu. Lakini mzee mwenzangu Hoyle alikuwa ameegemea ukuta, na Hoyle unamjua: "Vestal, nepi za huyo si ulizifua wewe? Leo kakulisha vumbi!" Watu wakacheka. Nikasikia mdomo wangu unawaambia wakaguzi, "Ifungueni injini yake."

Najua kanuni inamruhusu aliyeshindwa kuomba injini ya mshindi ifunguliwe, itazamwe kama ina udanganyifu. Lakini tangu babu yako alipouchonga uwanja ule kwa nyumbu wake wa kulimia kwenye shamba la tumbaku, hakuna mtu wa ukoo wetu wa Pruitt aliyewahi kumfanyia hivyo mwenzake. Na mageti yalishafunguliwa, watazamaji wameshashuka kuja kuyashika magari na kuomba sahihi kama kawaida yao, basi wote wakasimama na mikate yao ya soseji mkononi wakitazama. Wewe ukawa unawapa wakaguzi spana kabla hawajaomba.

Kila kitu kilikuwa halali. Nina aibu, mwanangu. Nijibu hata mstari mmoja.

Babako


Danville, Virginia
30 Juni 1991

Kwa Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Pole na goti.

Barua zako zote nimezipata. Usitume tena nyama ya nguruwe, iliyopo inatosha.

Kufunguliwa injini si kitu, Baba. Wengi wamefunguliwa. Mkaguzi aliposema iko sawa, watu wakanipigia makofi, nami nikageuka nikutazame wewe. Hukunitazama. Uliingiza kidole kwenye silinda ukapapasa mwenyewe. Wewe uliyenifundisha kuunga injini nikiwa nimesimama juu ya kreti la soda, ulikuwa bado unautafuta wizi wangu.

Kwenye sherehe ya uwanja uliyonialika sitakuja. Nisalimie Mama.

Renda


Caney Gap
8 Septemba 1991

Mwanangu,

U mzima? Mumeo je? Huku tumbaku imeshavunwa. Mama yako anakohoa kidogo lakini bado ananigombeza, kwa hiyo ni mzima.

Barua yako ilikuwa na jina tu chini, bila "binti yako". Nimeliona. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Kidole kile, Renda, ni kweli. Sina la kujitetea.

Jana ilikuwa ndiyo sherehe. Walinipa kazi ya kuwazungusha wageni kwenye tela, Hoyle akiendesha trekta, mimi na kipaza sauti nikiwasimulia. Niliwaonyesha barabara ya nyuma ambako madereva wa kwanza walikuwa wakishuka na gongo kutoka milimani, polisi wakiwafukuza, kisha jioni wakija hapa kushindana nani alikuwa anakimbia zaidi. Nikawaonyesha mahali pa majukwaa ya zamani ya mbao, yale yaliyoondoka na kimbunga. Walicheka, wakapiga picha, mmoja akaokota udongo mwekundu akautia kwenye chupa. Tukafika kona ya tatu. Mama mmoja kutoka Ohio, mwenye mwavuli, akauliza, "Na hapa je, palitokea nini?"

Kipaza sauti kilikuwa kinasikika mpaka kwenye vibanda vya vyakula. Nikasema, "Hapa binti yangu alinipita kwa haki. Ni dereva bora kuliko sisi wote tuliomtangulia. Nami nikamvunjia heshima mbele ya watu kwa sababu sikuweza kustahimili kuchekwa."

Hoyle akazima trekta. Hakuna aliyepiga picha. Nilitamani ardhi inimeze, na hapo nikaelewa ulivyosimama siku ile na zile spana. Yule mama wa Ohio akaniuliza taratibu, "Na yeye ameshayasikia haya?" Nikamwambia nitamwandikia.

Basi nimeandika.

Babako


Danville
15 Septemba 1991

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, na mume wangu anakusalimu sana. Mwambie Mama anywe chai ya asali aache ubishi.

Shangazi alishapiga simu kabla barua yako haijafika. Anasema Hoyle alilia juu ya trekta. Siamini, Hoyle halii bila bia.

Nami nina aibu yangu. Mwezi wa saba, kiwandani ninakofanya kazi, mzee mmoja wa idara ya nyuzi aliniuliza kama ninatoka kwa akina Vestal Pruitt wa Caney Gap. Nikamwambia simjui mtu huyo. Akasema, "Pole, umekosa kumjua mtu. Yule bwana alikuwa anajua gari." Nikaenda chooni nikafungulia bomba ili nisisikike nikilia. Nilikukana, Baba, kwa mtu aliyekuwa anakusifu.

Mama ameniambia unadhani nimeuza gari, ndiyo maana sijaonekana uwanjani msimu mzima. Sijaliuza. Liko hapa bandani. Injini bado iko vipande vipande kwenye ndoo zilezile walizonikabidhi wakaguzi, nimezifunika blanketi. Mume wangu alitaka kuiunga, nikamkataza. Mimi mwenyewe naweza, unajua naweza. Sikutaka tu.

Njoo Jumamosi. Njoo na gaskiti mpya za kuzibia injini, na usisahau miwani. Wewe ndiye uliyeomba ifunguliwe, wewe ndiye utakayeifunga. Mimi nitasimama pembeni nikikupa spana.

Binti yako,
Renda