Betri za Zawadi Zinakataa Kuisha

Ijumaa jioni, Kihonda. Mvua imeacha matope tu, na milima ya Uluguru haionekani kwa ukungu. Nina aibu leo. Naandika kabla sijaanza kujitetea.

Binti yangu Zawadi ana miaka minne na hasikii vizuri. Tangu mwaka jana anavaa vifaa vya kusikia, kimoja kila sikio. Alipovizoea, maneno yalimiminika: mama, maji, paka, njoo. Kila neno jipya naliandika kwenye daftari. Nilikuwa nalibeba mpaka Mzumbe, kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi ninakofanya kazi, nawaonyesha wateja kama picha za harusi.

Kisha maneno yakakoma. Huu mwezi wa pili, daftari limegota kwenye "kuku".

Hapo ndipo nilipoanza kuzitilia shaka betri. Hospitalini niliambiwa kwamba mtoto akivaa vifaa kutwa nzima, betri zake hudumu kama wiki moja. Hizi zilizomo sasa zina wiki ya tatu na bado zinadunda.

Betri isiyoisha ni betri isiyotumika.

Anayeshinda na Zawadi ni mama mkwe wangu, Bibi yake, aliyeteremka kutoka Mgeta ili anisaidie kulea. Asubuhi namvalisha mtoto vifaa kwa mikono yangu. Jioni nikirudi navikuta masikioni, safi, kama havijaguswa. Usafi ule ndio ulionitia wasiwasi. Mtoto wa miaka minne anachezaje kwenye matope kutwa, halafu masikio yabaki ya Jumapili?

Jumatatu nilimuuliza Bibi, "Mama, Zawadi anavaa vifaa vyake mchana?"

"Anavaa, mwanangu," akajibu, akainamia sufuria.

Alijibu haraka mno. Halafu hakuniangalia.

Kuanzia hapo kila alichofanya kilikuwa ushahidi. Akimsemesha Zawadi Kiluguru, nilijiambia hataki mtoto ajue Kiswahili. Akinyamaza, nilijiambia ana siri. Nilikumbuka siku aliyosema kwao watoto waliochelewa kusema waliachwa tu, wakasema wenyewe. Nikaamua kwamba anavionea haya vile vifaa, anavificha majirani wasivione.

Naungama hapa: nilimwomba jirani, Mama Juma, achungulie uani kwetu. Jumatano akaniambia, "Nimemwona mara mbili mtoto yuko nje, masikio matupu."

Sikusubiri. Nilimtumia mume wangu ujumbe kule anakofanya kazi, kwenye mashamba ya miwa: "Mama yako anamvua mtoto vifaa." Naye akampigia mama yake. Sijui waliongea nini. Jana nilipofika nyumbani Bibi alikuwa anakunja khanga zake. Akasema Jumamosi anarudi Mgeta, mboga zake zimekosa mtu.

Sikumzuia. Moyoni nilisema, umekamatika.

Leo mchana mashine ya kutolea kopi iliharibika, bosi akafunga duka mapema. Sikupiga simu kwamba narudi. Nilifika, nikapita kwa nyuma, nikasimama penye uwazi wa uzio. Ndiyo, nilimvizia mama mkwe wangu.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anamenya njegere na Zawadi. Mtoto alikuwa na vifaa vyote viwili. Bibi ananyanyua ganda, anasubiri mpaka Zawadi amwangalie mdomo, ndipo anasema, "Fungua." Mara tatu, nne. Hana haraka kabisa.

Mara mashine ya kusaga nafaka ya jirani ikawashwa.

Zawadi aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akavichomoa vifaa mwenyewe, vyote viwili, akavitupa kwenye mapaja ya bibi yake, akaficha uso kifuani kwake. Bibi akavizima, akavifuta kwa pindo la khanga, akavishika kiganjani, akampapasa mgongo. Mashine ilisaga muda mrefu sana. Ilipozimwa, akajaribu kumrudishia. Zawadi akatikisa kichwa, akalia. Bibi akajaribu tena.

Nikaingia. Hata shikamoo nilisahau.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa," akasema. "Kila nikimvalisha analia. Nikadhani nimeviharibu kwa mikono yangu ya jembe. Vitu vya hospitali hivi, mwanangu, ningevilipa na nini? Ukikaribia kurudi ndio anakubali, maana jioni hawasagi."

Nilikaa chini, palepale kwenye maganda.

Mashine ile ilianza kazi miezi miwili iliyopita. Mimi huondoka kabla haijawashwa na kurudi imezimwa, na Jumapili haisagi. Zawadi hakuwa na neno la kuniambia. Nimelipitia daftari lote leo: kuku, kiatu, gari, twiga. Twiga hajawahi kumwona hata siku moja. "Inauma" nimeitafuta, haipo. "Kelele" haipo. Nilimfundisha maneno ya kuwaonyesha watu, sikumpa hata moja la kujitetea.

Nimemwomba Bibi msamaha kwa magoti. Nimempigia mume wangu nikamwambia nilikosea. Nimepiga simu hospitalini pia, wamesema tumpeleke Jumatatu, huenda sauti ya vifaa inaweza kurekebishwa ili isimuumize.

Bibi ameahirisha safari. Hajaifuta, ameahirisha. Alisema Jumatatu ataongozana na mtoto yeye mwenyewe.

"Nitamweleza daktari," akasema. "Wewe hukuwepo."

Hakulisema kwa hasira. Nimetafuta hasira katika sauti yake jioni nzima, kwa mazoea yangu mapya ya kutafuta, na sikuipata.

Kweli, sikuwepo. Jumatatu nitaomba ruhusa kazini, nitakaa kiti cha nyuma yao, nisikilize.