Vioo Vilivyonyooka Mno

Adelaide, Ijumaa

Dada yangu Nerida,

Barua hii ikukute goti limepungua uvimbe na kuku wanataga. Mimi mwili mzima. Mikono tu ndiyo inakataa kutulia. Leo nimefuta meza ya kazi mara nne, na haikuwa chafu.

Uliuliza habari za vioo vyetu vilivyorushwa angani na setilaiti. Vimefika salama. Kituo cha vilimani kinavimulika kwa leza ili kipime umbali wa setilaiti, na mwanga unarudi vizuri kabisa, ila unaangukia malisho ya jirani. Kondoo sasa wanajua setilaiti iliko, sisi hatujui.

Bosi wetu, Bwana Pascoe, anasema kosa ni la Thuy, binti aliyechora michoro. Jumatatu anamwita ofisini, na karakana nzima inajua atafukuzwa.

Juzi kwenye chai nilimwuliza Thuy, kama mtu asiyejua kitu, kwani kioo kizuri si hurudisha mwanga ulikotoka? Akaniambia nimfikirie mchezaji anayekimbia akatoa pasi ya ubavuni. Yeye anaona mpira umekwenda ubavuni tu. Sisi wa jukwaani tunauona ukienda mbele pamoja naye. Kioo nacho kinakimbia kilomita saba kwa sekunde. Aliyekaa juu yake angeapa mwanga umerudi njia ileile. Sisi wa chini tunauona umeinama, ukatua mita arobaini mbele yetu.

“Ndiyo maana niliomba pembe zipindwe kidogo, shangazi, mwanga utawanyike utufikie,” akasema. “Kioo kikamilifu hakitufai.”

Nikamwambia chai yake inapoa.

Nerida, ule mpindo niliuona kwenye mchoro. Nikasema moyoni, hawa watoto wa chuo hata pembe mraba hawaijui. Wakati wa kuvisaga nikazinyoosha pembe zote, vioo tisa, kwa mkono huu usio na cheti. Anayekagua kazi yangu ni mimi, nami nilijipa maksi zote. Pascoe alipouliza kama mchoro ulifuatwa, nikajibu ndiyo.

Leo mchana nimempa Thuy daftari langu la vipimo, nisije nikabadili mawazo wikiendi. Akasoma ukurasa mmoja, akalifunga, akanitazama mpaka nikatafuta kitambaa cha kufutia meza. Nikamwambia Jumatatu tutaingia kwa Pascoe pamoja.

“Hapana, shangazi,” akasema. “Utaingia wewe kwanza. Mimi nitasubiri nje.”

Msalimie shemeji, na uniombee miguu inifikishe mlangoni.

Mdogo wako,
Desma