Mzee Hakuna Alishika Biblia

Jumatatu, Septemba 8, 2025

Kuanzia kesho nakaa korti nambari mbili. Karani wa pale ameenda likizo ya uzazi. Nilimwambia hakimu, "Ndiyo, Mheshimiwa," na sauti ikatoka kama ya paka aliyekanyagwa.

Kazi ni kuita kesi, kuwaapisha mashahidi na kutunza vielelezo. Mtu yeyote angeiweza. Nina diploma! Lakini niko kwa probesheni, kipindi cha majaribio, mpaka Desemba, na nimeona jinsi wengine walivyoondoka.

Mama alipiga simu kutoka Mwatate. Ameshawatangazia wenzake wote wa ushirika. "Mable wangu anaapisha watu!" Kana kwamba nimekuwa askofu.

Branice, ambaye ndiye mkubwa wetu makarani, alinionyesha droo. Biblia. Kurani. Na kadi ya uthibitisho, ya mtu asiyetaka kuapa kwa kitabu chochote. Nikamwuliza kama hutumika. Akacheka. Aliwahi kuitumia kwa Mzungu mmoja wa mbuga, basi.

Nimekariri kiapo mbele ya kioo. Kadi sikuikariri.

Jumanne, Septemba 9

Niandike kwa utaratibu, labda nitatulia.

Kesi ya Mama Ndila na shemeji yake Kitonga. Mama Ndila ni mjane. Baada ya mumewe kufa, Kitonga aling'oa ua wa minyaa uliogawa mashamba yao, akaupanda upya karibu na jiko la mama huyu. Anasema hapo ndipo ulipokuwa siku zote. Shahidi wa Mama Ndila ni mmoja tu, Mzee Makokha, fundi wa reli aliyestaafu, mtu wa kutoka mkoa wa Magharibi ambaye ameishi jirani nao tangu ujana. Alikuwepo ndugu wale wawili walipopanda ua wa kwanza. Mtaani wanamwita Mzee Hakuna. Ukimwuliza kuhusu Mungu, hujibu neno hilo moja.

Viti vilijaa. Kitonga ni mzee wa kanisa, Mama Ndila ni muumini wa kanisa hilo hilo, na kanisa lenyewe ni langu! Kwenye kwaya nasimama nyuma ya mke wa Kitonga.

Nikamwita Mzee Makokha. Nikamnyooshea Biblia. Hakuichukua. Aliinama, akasema polepole, "Binti, mimi siapi. Nitathibitisha. Sheria inaniruhusu."

Najua inamruhusu. Nilifunzwa! Nikafungua droo. Kadi hakuna. Nikapekua chini ya faili. Hakuna. Hakimu akauliza, "Karani, kuna shida?" Wakili wa Kitonga akaangalia saa. Mke wa Kitonga akanitazama na tabasamu lake lile la kwaya.

Ningesema tu, "Mheshimiwa, shahidi anaomba kuthibitisha." Basi. Badala yake nikanong'ona, "Mzee, tafadhali, shika tu. Ni kitabu tu."

Mimi! Nilibatizwa, nikapakwa mafuta, nafundisha watoto wa Sunday school — nikasema ni kitabu tu!

Akautazama mkono wangu. Ulitetemeka hadi kurasa zikawa zinachakarisha. Akaichukua Biblia. Akaapa, akinifuata neno kwa neno.

Ushahidi wake ulikuwa mzuri. Halafu wakili akasimama, mpole kama muuza sufuria.

"Mzee, wewe husali wapi?"

"Sisali."

"Unaamini kuna Mungu?"

"Hapana."

"Na dakika chache zilizopita umeapa kwa nani?"

Watu wakaangua kicheko. Mtu wa nyuma akaita, "Hakuna!" Hakimu akagonga meza. Akamwuliza yeye mwenyewe: alijua kwamba angeweza kuthibitisha? Alijua. Mbona basi hakuomba?

Mzee akageuka, akanitazama. Kitambo kidogo tu. Akarudisha macho kwa hakimu.

"Nilisahau," akasema.

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Atamwita tena shahidi huyu tarehe ishirini na tatu, aone kama ni mtu wa kuaminiwa. Mama Ndila alitoka ameshika ukuta.

Jioni nikaiona kadi. Ilikuwa chini ya chupa ya chai.

Jumatano, Septemba 10

Sijala. Branice anasema kiapo ni halali hata kama aliyeapa hana imani. Nimeisoma sheria mwenyewe, ni kweli. Nikapumua! Kisha akaongeza, huku akipulizia chai yake, "Lakini hakimu akishamwona ni mwongo, huo uhalali utaurudisha ua?"

Hajui ni mimi. Hakuna anayejua ila mzee. Na Mungu.

Jumapili, Septemba 14

Kitonga ndiye aliyeongoza sala. Aliomba Bwana awaumbue wanaolichezea jina lake mahakamani. Kanisa zima likasema Amina. Mimi pia. Mdomo ulifunguka wenyewe.

Nje, akina mama walimzunguka Mama Ndila. Mke wa Kitonga akamwambia, dada, kweli ulikosa hata Mkristo mmoja wa kukusimamia, ukaleta mpagani?

"Niliwaomba hapa hapa," akasema Mama Ndila. "Wanaoujua ua ule wapo. Huyu alikuwa na mgonjwa. Huyu alikuwa na arusi. Wewe Mama Nzomo goti lilikuuma ghafla. Yule mpagani alichoniuliza tu ni aje saa ngapi."

"Lakini yeye hamwogopi Mungu!" akasema mke wa Kitonga.

"Hamwogopi, naam. Namwambia kila siku atajuta. Lakini nikiombea chakula nyumbani kwake huvua kofia, hadi ugali wake unapoa. Wewe mke wa shemeji ukija kwangu, unaanza nyama kabla sijafika Amina."

Wengine walicheka, wengine wakageuza nyuso. Nilitaka kuteleza kwa mlango wa pembeni, lakini aliniona. Akanishika mikono yote miwili. Nimekonda, akasema. Kazi ni ngumu, eh? Ananitaja kwenye maombi yake kila asubuhi.

Nilisema asante. Asante!

Alhamisi, Septemba 18

Nimeenda kwa Mzee Makokha. Nilizunguka mtaa mzima kwanza nisionekane, nikamkuta mlangoni anatia mpini kwenye jembe. La Mama Ndila.

Nilijaribu kuomba msamaha, nikalia badala yake. Akaniacha nilie. Akanisogezea kigoda.

"Kwa nini uliichukua, Mzee?"

"Ulikuwa unatetemeka. Nikafikiri, ni kitabu tu. Karani mwenyewe kasema."

Hakusema kwa ubaya. Afadhali angenitukana.

Kisha akaliweka jembe chini. Biblia haikumuuma, akasema. Kilichomuuma ni kile "nilisahau." Alimwahidi Mama Ndila ukweli mtupu, akaenda pale mbele akasema uongo. "Wanasema asiye na Mungu hana cha kumzuia kudanganya. Maisha yangu yote nimewaonyesha si kweli. Siku yenyewe ikafika, nikadanganya."

"Ulidanganya kwa ajili yangu."

"Sasa! Tena kwa ajili ya mtu wa kwaya."

Alicheka mwenyewe. Mimi sikuweza. Nikamwuliza itakuwaje nikimwambia hakimu.

"Utafukuzwa."

"Na nisipomwambia?"

Akakuna kidevu. "Sijui, binti. Wewe una wa kumwuliza. Mimi sina." Nilimtazama kama ananikejeli. Hakuwa ananikejeli.

Mama Ndila akaingia na ndizi za kupika, anapiga kelele kutoka njiani. "Makokha! Umeliombea jembe langu?"

"Nimewaachia mbuzi, Mama. Wao wana imani."

"Watakutangulia mbinguni, utaona."

Alinilazimisha kula nao. Akaomba, akaombea ua, akamwombea mzee, akaniombea mimi kwa jina. Mzee alikuwa amevua kofia. Sikuweza kufumba macho. Ya mzee hayafumbwi, bila shaka. Tukatazamana juu ya sufuria ya ndizi hadi mwisho wa sala, na yeye akatikisa kichwa kidogo: usiseme.

Sikusema.

Jumatatu, Septemba 22

Nilimpigia Mama.

"Mama, nikikosa hii kazi?"

Nikasikia redio ya jirani yake.

"Mable, umefanya nini?"

"Bado sijafanya."

Kadi iko ndani ya mkoba wangu. Naiangalia kila mara, kama inaweza kukimbia.

Jumanne, Septemba 23

Naandika kwenye benchi nje ya korti. Mwandiko mbaya. Si kitu.

Nilimwita Mzee Makokha. Alipanda kizimbani amevaa shati lililopigwa pasi, nadhani Mama Ndila ndiye aliyelipiga. Hakimu akasema, "Karani, mkumbushe shahidi kwamba bado yuko chini ya kiapo." Nikasimama na kadi mkononi. Mzee akanitikisia kichwa tena.

Nikasema, "Mheshimiwa, hakusahau. Aliomba kuthibitisha. Mimi ndiye niliyemnyima."

Sikujisikia nikisema.

Hakimu alivua miwani. Wakili aliruka juu: huo si ushahidi, karani hajaapishwa! "Basi ataapishwa," akasema hakimu. "Kuhusu kazi yake, hilo ni la ofisi, litafuata." Akaondoka kwa mapumziko mafupi.

Sasa wote tuko kwenye ukumbi huu mwembamba. Kitonga yuko dirishani na wakili wake, wanateta. Mkewe anatazama viatu vyangu. Mama Ndila amekaa benchi hili hili, mwisho wake mwingine. Leo ndipo amejua. Wiki mbili ameniombea, na mimi nimemwacha alale akidhani atapoteza jiko lake. Midomo yake inacheza, anaomba. Sijui kama bado nimo.

Mzee Makokha amesimama karibu naye. Amevua kofia.

Branice ametoka. Yeye ndiye karani wangu leo. Biblia kwapani, kadi mkononi, na uso wa kazi. Ameniuliza kabla hatujarudi ndani, kama anavyopaswa kumwuliza kila mtu, na kama mimi nilivyopaswa:

"Shahidi, utaapa au utathibitisha?"

Ni swali rahisi. Mimi ni Mkristo. Nimeishika hiyo Biblia kila siku tangu nianze kazi, nimeifuta vumbi, siku moja niliweka sandwichi juu yake. Ni kitabu tu. Leo naogopa kuigusa.

Mama Ndila ameacha kuomba, ananitazama mikono. Branice anauliza tena —