Miayo ya Baba

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa shemeji. Sisi wazima, ila paa la jikoni linavuja tena, nami kichwa changu kimevurugika.

Tangu apigwe na kiharusi, mkono wa kulia wa Baba umelala kama taulo bichi. Juzi mchana alipiga miayo, mara mkono ukanyanyuka hadi kifuani! Miayo ilipoisha, ukaanguka. Nikamwambia aunyanyue tena. Alijaribu mpaka jasho likamtoka. Hata kidole hakikutikisika. Dada, hasira zikanipanda. Nikamwambia anatuchezea, amechoka na kazi yake ya kunyoa watu, sasa anataka kulishwa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemhudumia Baba anasema amri ya kunyanyua mkono kwa hiari hutoka juu kwenye ubongo, na njia hiyo ya mishipa ya fahamu ndiyo iliyokatika. Miayo huamriwa chini, karibu na shingo, kwa njia nyingine. Nimeelewa nusu. Yaani mkono unasikia, ila haumsikii mwenyewe? Sasa mimi nilimgombeza nani?

Sijamwomba radhi. Kila nikikaa mbele yake mdomo unakuwa mzito, na mimi sina kiharusi.

Mama hakumuuliza mtaalamu chochote. Siku hizi kila mchana anaketi kulia kwa Baba, anapiga miayo ya uongo mpaka amwambukize Baba. Mkono ukinyanyuka, anasogea upesi chini yake, ili ukishuka umkumbatie.

Mdogo wako,
Kitindamimba