Kwaki Zako na Kiboko wa Mloka

Mjukuu wangu, mume wangu Shabani,

Huku Mloka hatujambo. Mama yako amemaliza kuvuna ufuta, goti langu tu ndilo linalonisumbua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mtambo wenu unagonganisha chembe, na hiyo kwaki nzito, kijichembe kilichomo ndani ya chembe, inavunjika kabla hamjaiona, mkaujua uzito wake kwa vipande ilivyoacha. Unaniuliza kama naamini. Naamini, maana hata mimi nimewahi kupima nisichokiona.

Miaka ile ya ruksa, bidhaa ziliporudi madukani, nilinunua Ikwiriri futi ya fundi cherehani. Ilinipa kiburi. Msimu huo mpunga wetu ulikuwa unaliwa usiku na kiboko tusiyemwona, na asubuhi moja nikapima nyayo shambani. Nyingine zilikuwa pana, nyingine ndogo. Nikatangaza kwamba viboko ni wawili, dume na jike. Askari wa wanyamapori aliiona ile futi, akaniamini. Akaenda mtoni, akapiga wawili.

Wiki iliyofuata nilikuwa napalilia pekupeku. Penye tope wayo wangu ulitoka mpana, penye ukavu ukatoka mdogo. Nikapima. Tofauti ilikuwa ileile ya wale viboko. Mla mpunga wetu alikuwa mmoja tu.

Sijamwambia mtu mpaka leo. Nakwambia wewe kwa sababu watu watauamini mtambo wenu kama yule askari alivyoiamini futi yangu. Basi usinitajie uzito wa kwaki, mume wangu, kabla hujalipima tope.

Bibi yako,
Mwanahawa