Mfuniko wa Kifaru

Shemeji yangu mpenzi,

Pokea salamu, wewe na mkeo. Mwanao huyu wa kwetu anaota jino la pili, na paa la jikoni halivuji tena.

Kaka yako aliupata ule mchezo wa vita wa kompyuta mnaoutengeneza kazini kwenu. Mwanzoni alicheka, mara ya kwanza tangu arudi kutoka vitani alikoendesha kifaru. "Mwambie mdogo wangu kifaru hakiruki mtaro kama mbuzi! Hukwama topeni, hunywa mafuta kama mlevi, na dereva anachungulia kwenye kijitundu tu." Nilimshukuru Mungu.

Wiki iliyopita kifaru chake cha mchezoni kilipigwa. Kikafuka moshi, kikatoweka, akapewa kingine. Akaniuliza, "Watu wako wapi?"

"Huo ni mchezo tu, mume wangu."

"Kifaru kina watu ndani!"

Tangu hapo anarudia pigano lile lile, akitafuta kitufe cha kufungua mfuniko ili watoke. Hali, halali, na kule karakana alikofanya kazi wameshaajiri fundi mwingine. Jana nilichomoa waya wa kompyuta. Alinishika kwapani, akaniburuta hadi uani, akanifunika kwa mwili wake huku akininong'oneza, "Usigeuke nyuma, ndugu yangu, usigeuke."

Shemeji, maji yamenifika shingoni. Viwekeeni vifaru vyenu mfuniko unaofunguka. Kama haiwezekani, basi njoo wewe umshike mkono, maana mimi sasa ananiita kwa jina la mpiga mzinga wa kifaru chake kule vitani.

Nakusubiri,
Mke wa kaka yako